Kichwa cha Gitaa Lako

Karakana ya Baba,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Kile kifua chako cha kila baridi kimetulia, au bado unabishana na daktari? Sisi tunapumua. Mama yupo, magoti tu ndiyo yamemnunia. Baba nitamfikia.

Gitaa lako limekwisha. Kabla hujashangilia, kaa chini.

Macho ya Baba yamekwenda, Kaka. Daktari amesema hayarudi, na hako kamwanga kalikobaki nako katakwisha. Hatukukuambia kwa sababu alitukataza, eti utaacha kazi uje kumshika mkono. Lakini gitaa lako aliapa atalitengeneza mwenyewe, nami nisiguse mpaka niambiwe. Unamjua.

Unakikumbuka kile kigezo cha kuchorea kichwa, cha ubao mwembamba, chenye mkato pembeni kuonyesha upande wa juu? Alikilaza kifudifudi. Akachora, akakata, akatoboa na matundu ya funguo za kukazia nyuzi. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua gundi. Niliporudi kichwa kilikuwa kimegeuka, funguo zote zitakaa chini badala ya juu. Fundi aliyetengeneza magitaa tangu hatujazaliwa! Nilikaa juu ya kopo la vanishi, nikalia bila sauti ili asinisikie.

Funguo nilizifunga mimi, na sikusema kitu mpaka siku ya kufunga nyuzi. Vidole vyake vikapanda kutafuta funguo, vikakuta ubao mtupu.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Mimi, Baba. Nilikigeuza kigezo pale mezani. Kaka ndiye alitaka kichwa kiwe hivyo, nikasahau kukwambia."

Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa kichwa, kisha akasema, "Haya. Lete nyuzi."

Sasa nikwambie habari za gitaa lenyewe. Kwa sura ni kama mtu aliyeitwa kwa nyuma akageuka ghafla. Nimelitundika kati ya mengine, na jicho linakimbilia hilo kwanza. Mwanzoni mkono wako utahangaika kutafuta funguo, utazoea. Uzi mnene sasa una safari ndefu kuliko zote kufika kwenye ufunguo wake, nami nauona umekaza na unanguruma vizuri. Nyembamba zimekuwa fupi, zinapindika bila ugomvi. Labda ni mkono wangu tu unaonidanganya. Lakini ni gitaa zuri, Kaka, na hilo ndilo linaloniuma.

Ukipiga simu, mshukuru kwa kile kichwa. Sema uliagiza hivyohivyo. Usijikwae, tafadhali.

Wifi mpe salamu zangu, na wale watundu wako wawili uwabusu. Mama anasema ule ushibe. Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Nilikuwa nimeanza kuikunja barua hii Baba akaingia, akipapasa ukuta. Amenishika mkono, akaniwekea kile kigezo kiganjani, akakipeleka kidole changu mpaka kwenye ule mkato. "Anza kwa kupapasa hapa," amesema, "ndipo uchore. Kuanzia leo ni chako." Kisha amevua aproni yake, akaitundika msumarini kwangu.

Anajua, Kaka. Wewe mshukuru tu.

Mdogo wako akupendaye, fundi tangu asubuhi ya leo,
Kipusa