Mchanga Niliousawazisha Siku Tisa

Katesh, Hanang

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo yangu kwa Baba pia. Kwanza nataka kujua kama mguu wako umepona, na usinijibu "tunaendelea vizuri" kama unavyosema kwenye simu. Mimi mzima. Baridi ya huku bado inanishinda. Asubuhi upepo unashuka kutoka mlimani nami nafungua duka nikiwa na sweta mbili. Nimeona niandike, kwa sababu jambo hili ni refu, na nikiogopa huwa nasema haraka mpaka hunielewi.

Nilikuambia kwamba bosi wangu, Mama Sulle, anauza dawa za mifugo na mbegu, na kwamba mimi ni karani wake katika muda wa majaribio. Sikukuambia kwamba pembeni ya kaunta kuna tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye samaki kumi na mmoja. Mama, ni samaki wa ziwa letu. Wa Nyasa kabisa, wale wa rangi rangi. Alipewa na binti yake anayeishi Arusha. Siku ya kwanza nilipowaona nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza, maana machozi yalikuwa karibu.

Mwezi uliopita binti huyo alijifungua, Mama Sulle akaenda kumhudumia. Akaniachia funguo, duka na samaki. Mlangoni akasema, "Neema, nikirudi nikute kila kitu kama nilivyokiacha. Hasa hao." Unanijua. Alipoondoka tu nikapiga picha ya tangi zima kwa simu, ili nisije nikakosea.

Kesho yake asubuhi nilikuta mchanga umehamishwa. Katikati kulikuwa na shimo la mviringo, majani yameng'olewa yanaelea, na jiwe kubwa limeinama kuelekea kioo. Nilidhani mtu ameingia. Nikakagua kufuli mara tatu. Kisha nikakunja mikono ya sweta, nikafungua ile picha, nikarudisha kila kitu mahali pake. Mchanga nikausawazisha kwa rula. Siku ya pili, shimo tena. Mama, siku tisa nilifika kabla ya wateja nikasawazisha, na siku tisa nilikuta shimo. Jiwe likizidi kuinama, niliwaza kioo kikipasuka, samaki sakafuni, na mimi kwenye basi la kurudi nyumbani.

Wateja nao wakaanza kuona. Mzee Gidamey, mfugaji wa Gendabi anayenunua kwetu dawa ya kupe, aliegemea fimbo yake akatazama sana.

"Huyu wa bluu anajenga boma," akasema.

Tluway, mkulima wa vitunguu saumu kutoka Bashay, akacheka. "Boma gani, mzee? Hilo ni tuta. Si unaona anavyoweka udongo upande wa chini, maji yasimharibie shamba?"

"Maji gani, na yeye yumo ndani ya maji?"

"Ndiyo maana nasema ana akili kuliko ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu hawana haja ya kulima. Wewe si upo?"

Nilicheka nao. Siku hiyohiyo jike moja la kijivu lilikuwa limeacha kula, na taya lake limevimba. Mzee Gidamey alisema ng'ombe akiwa hivyo hupigwa sindano. Nami ndiye ninayeuza sindano. Wateja walipoondoka nikachukua chupa ya dawa ya ng'ombe, nikakokotoa kwa karatasi kipimo cha ng'ombe mzima, nikagawa na kugawa mpaka nikafika kwenye sehemu ya tone. Nikavuta dawa. Nikasimama juu ya maji.

Yule dume wa bluu hakuniogopa. Alichota mchanga kwa kinywa, akaupeleka ukingoni, akautema, akarudi. Kinywa kimoja, kisha kingine. Kila alipotema alizunguka kidogo, ndipo akachota tena. Likatokea bakuli, Mama, lenye ukingo ulio sawa pande zote, ambalo rula yangu isingeweza kulitengeneza.

Hapo nikakumbuka nilikoliona. Ni pale ziwani tunapooshea vyombo, kwenye maji ya magotini, mabakuli wanayochimba samaki perege. Nilikuwa mdogo, nikasimama ndani ya moja nikifurahia miguu kuzama. Uliweka sufuria chini ukasema, "Toka hapo. Umekanyaga kitanda cha mwenzako." Kisha ukalivuta jiwe lako la kuoshea, lile zito, ukalisogeza hatua tatu. Ukasema, "Mimi naweza kuoshea popote." Na ukaniambia perege hubeba watoto wake kinywani. Nimesoma shule mpaka nikadhani hayo ni mambo ya kumbembelezea mtoto.

Niliweka sindano chini. Nikamulika kwa simu, nikangoja mpaka jike likafungua kinywa kidogo. Ndani mlikuwa na mayai ya manjano, kama punje za mtama.

Basi bakuli sikuligusa tena. Nilishughulika na jiwe: nikalitoa, nikaondoa mchanga chini yake, nikalikalisha juu ya kioo cha chini chenyewe, ili wachimbe wanavyotaka lisianguke. Tangu hapo nawatazama kila ninapopata nafasi. Wengine huchota mchanga, wakautafuna na kuutoa kwenye mashavu, wakitafuta chakula. Mmoja amejichimbia mlango chini ya jiwe. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona ziwa. Wamezaliwa ndani ya kioo. Hakuna aliyewaonyesha, na bado wanajua.

Mama Sulle alirudi Jumamosi. Alisimama mbele ya tangi, mkoba ungali begani.

"Neema, niliagiza nini?"

"Ulisema ukute kama ulivyoacha, Mama."

"Na hiki ni nini?"

Nikampa simu aione ile picha, nikikiri kwamba nilijua tangi lilivyokuwa. Alipokuwa akilinganisha, jike lilishuka karibu na bakuli likafungua kinywa. Wakatoka watoto, wadogo kama punje za bizari zenye macho, wakaelea mbele ya uso wa mama yao. Mama Sulle akanyoosha kidole kwenye kioo, na wote wakarudi kinywani mara moja.

Akaweka mkoba sakafuni. Akaomba kigoda, akaketi na koti lake la safari, wateja wakingoja.

"Mwaka mzima," akasema baadaye, "nimekuwa nikisawazisha huo mchanga kwa mwiko."

Kisha akanirudishia simu. "Hiyo picha ifute."

Nimeifuta. Jumatatu aliniambia niandike mwenyewe barua yangu ya ajira, yeye atie saini. Niliiandika mara nne kwa hofu ya kukosea, naye akasaini bila kuisoma.

Msalimie Bibi, mwambie sweta yake ndiyo ninayoivaa juu. Kaka msalimie na mkewe, na mama mdogo akija kutoka kanisani mpe habari hizi, atazipenda. Nawe ukishuka kuosha vyombo, tazama kama yale mabakuli bado yapo, karibu na pale jiwe lako lilipokuwa zamani. Ukiyaona, niandikie ni mangapi.

Mwanao,
Neema