Kiti cha Corliss

Corliss, 16 Mei 1965

Binti yangu Lovina,

Hujambo huko mjini? Mama yako hajambo, goti lake tu ndilo linamsumbua anapopanda ngazi. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo inataka kutapika.

Utakuwa umesikia redioni. Tumejikata. Bunge la jimbo letu, lililokuwa na kiti kimoja kwa kila mji tangu enzi za babu wa babu zangu, limepiga kura kupunguza viti karibu nusu. Majaji walisema si haki mji mdogo kuwa sawa na mji mkubwa, na sisi badala ya kukaza shingo tukainama wenyewe. Sasa Corliss imeunganishwa na miji mingine mitatu, Marsh Hollow ukiwamo. Miji minne, kiti kimoja.

Lakini hilo silo lililonitia kinyaa. Kilichonitia kinyaa ni Perley Drown, jirani yetu, mwakilishi wa Marsh Hollow. Tumekaa kiti kwa kiti miaka yote hii. Asubuhi hiyo tulikunywa kahawa pamoja, donati iko mdomoni, akaniapia: "Harlan, mimi mkono wangu utakauka kabla sijaunga mkono upuuzi huu." Jina lake likaitwa. "Ndiyo," akasema, kwa sauti kubwa kama bwana harusi.

Nikamfuata ukumbini. "Wewe Perley, umekula nini?"

"Usinune bwana. Kiti kimoja kimebaki, na atakayekikalia ni mmoja wetu."

"Mmoja wetu nani?"

Akacheka. Baadaye nikaiona ramani. Miji iliyounganishwa na wetu imejaa shemeji zake na binamu zake. Alikuwa ameshauza kura yake kwa mpaka mzuri. Mimi pia wachora ramani waliniita kwenye chumba cha pembeni wiki iliyotangulia, wakaniuliza ningependa kuwekwa na majirani gani. Niliwaambia mimi sichagui majirani kama mtu anayechagua viazi sokoni, nikatoka.

Visubi wameanza kuuma. Andika.

Baba yako

*

Winslow, 30 Mei 1965

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama akande goti kwa maji ya moto, asijifanye msichana. Mimi sijambo, ila wodini tumezidiwa. Wiki hii nimelaza watoto wawili kwenye kitanda kimoja.

Perley amenichukiza mimi pia. Akija kwenye harusi au msiba nilipo, sitampa mkono.

Lakini baba, nitakuambia ukweli, na najua utakasirika. Huku Winslow watu ni maelfu kwa maelfu, na mwakilishi wetu alikuwa mmoja. Corliss, mji ambao naweza kutaja kila nyumba kwa jina la mbwa wake, mwakilishi alikuwa mmoja. Hawa akina mama wanaoishi kando ya ziwa kwenye vyumba vinavyovuja, ambao nawazalisha na kuoga damu zao kila siku, kura yao ilikuwa makapi. Nilipokuwa Corliss sikuliona hilo. Sasa naliona kila nikivaa sare yangu.

Kama wanaume wale walifanya jambo la haki kwa njia chafu, mimi nachukia njia. Jambo lenyewe silichukii.

Usininunie.

Binti yako, Vina

*

Corliss, 20 Juni 1965

Lovina,

Hujambo. Sisi hatujambo. Majani ya ng'ombe yamekauka vizuri.

Nitagombea dhidi ya Perley. Kuhusu siasa usiniandikie tena.

Harlan Wescott, baba yako

*

Winslow, 12 Septemba 1965

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika Julai, nimeandika Agosti, hujajibu. Mama ameniambia kwa simu kwamba barua unazisoma, kisha unaziweka chini ya mto kama mtu anayeficha pipi. Basi soma na hii.

Nataka ulisikie kutoka kwangu, si gazetini. Winslow imepewa viti vingi sasa. Wauguzi wenzangu na akina mama wa kando ya ziwa walikuja nyumbani, wakaketi hadi jikoni, wakaniambia nigombee kimoja. Nilikataa mara ya kwanza kwa ajili yako. Waliporudi nikakubali.

Mtu aliyenifundisha kusimama na kusema mkutanoni ni wewe. Ulinipandisha juu ya benchi nikiwa mdogo ili watu wanione.

Nijibu, hata kwa matusi.

Vina wako

*

Corliss, 21 Novemba 1965

Lovina,

Natumaini u mzima.

Nimeshindwa. Uchaguzi uliangukia msimu wa kuwinda kulungu, na nusu ya wanaume wa Corliss, watu niliowapigania barabara na shule, walikwenda porini na bunduki. Nilimkuta Orville, mmoja wao, kesho yake anachuna ngozi. "Aah, Harlan, nilijua utashinda tu," ananiambia, kisu mkononi. Ningeweza kumpiga na ule mguu wa kulungu. Perley alipika karamu ya maharage Marsh Hollow, ndugu zake wote wakala wakapiga kura.

Nimesikia wewe umeshinda. Mama yako alilia kwa furaha, akaenda kulia ghalani ili nisimwone. Nilimwona.

Vina, viti huwa havioti kama uyoga. Chako kimechongwa kwa mbao za changu. Siwezi kukaa mezani kukata bata mzinga mbele yako nikatabasamu. Sikukuu hii ya Shukrani usije.

Baba yako

*

Bungeni, 17 Februari 1966

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sikuja, kama ulivyotaka. Nilikula mkate na jibini wodini.

Nakuandikia leo kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Wiki jana Perley alinivizia ukumbini, ananukia sigara, ananiita "mheshimiwa." Akasema anayo kura ya watu wake kwa ajili ya wodi mpya ya watoto Winslow, ile niliyoiombea tangu siku ya kwanza. Bei yake: tuunge mkono mswada wa kuacha kusafisha theluji kwenye barabara za vilimani, ili katapila zibaki Marsh Hollow.

"Corliss je?" nikamuuliza.

"Corliss ni nini, mheshimiwa? Ni baba yako na ng'ombe."

Nilimwambia aondoe uso wake mbele yangu. Nikawaendea wenzangu wa Winslow, wale niliofanya nao kampeni, nikidhani watachukia kama mimi. Mmoja aliniambia, "Dada, watu wangapi wanaishi huko?" Maneno yangu mwenyewe, baba. Yale niliyokuandikia mwezi Mei.

Nilisimama nikapinga. Nilipokaa, jirani yangu alisogeza kiti chake mbali na changu. Mswada umepita. Wodi wameitupa kapuni kuniadhibu. Watoto bado wanalala wawili wawili.

Bado naamini kura ya mama wa kando ya ziwa ni sawa na yako. Lakini nikiwaangalia watu hawa wanavyohesabu, naelewa kwa nini ulitoka kwenye chumba kile cha pembeni.

Vina

*

Corliss, 13 Machi 1966

Kwa Mheshimiwa Lovina Wescott,

Hujambo, mwanangu? Mama yako hajambo. Barua yako nimemsomea, akataka nirudie pale uliposimama, nikarudia.

Katapila haijaja tangu mswada ule. Tunasukuma theluji wenyewe kwa trekta yangu na mikono ya Orville, ambaye sasa anaona aibu na anafanya kazi kama punda. Nilimpigia Perley simu. Alisema yuko mezani anakula. Nilipiga tena, akasema analala.

Sijabadili mawazo. Walichotufanyia kinanuka na kitaendelea kunuka. Ila sina mwakilishi mwingine wa kumwandikia, na wewe angalau unasoma. Basi naomba, kwa niaba ya wakazi wa Corliss: daraja la chini limepasuka, basi la shule haliwezi kupita. Mjane Stebbins anahitaji daktari na hakuna anayepanda huku. Na ile wodi, usiache kuidai. Piga kelele mpaka waichoke sauti yako.

Miti ya sukari imeanza kutoa maji yake matamu, tunayachemsha. Ukija, acha gari kabla ya daraja la chini, nitashuka kukuchukua na trekta. Vaa viatu vya maana.

Mtu usiyemwakilisha,
Baba yako