Nani Alimfungulia Mwanaanga Mlango

KAMATI YA MAKUMBUSHO YA KIJIJI CHA STARAYA POLYANKA
Kikao cha Jumamosi, 5 Septemba 1998, ukumbi wa makumbusho, kando ya chombo cha anga

Waliohudhuria:
Rimma Osipovna Gurina, Mwenyekiti
Pavel Kuzmich Tyurin, Makamu, dereva wa trekta mstaafu
Fevronia Savelyevna Lapina, Mjumbe, mkamuaji ng'ombe mstaafu
Lidia Markovna Shestova, Katibu

Hakuhudhuria: Stepan Yegorov, bila udhuru. Alionekana akichimba viazi.

KUMB. NA. 1/9/98: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa 4:10 asubuhi. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasiegemee chombo. Masizi yale ni ya safari ya kutoka mbinguni, si ya kufutwa kwa makoti.

KUMB. NA. 2/9/98: KIBAO KIPYA
Mwenyekiti alieleza kwamba kibao lazima kimtaje aliyemfungulia mwanaanga mlango siku chombo kilipotua shambani kwetu. Ndugu Tyurin alisema ni yeye, na amewasimulia hivyo watoto wa shule miaka thelathini.

Bi. Lapina alimwambia, akimwita Pavel kwa jina la kifupi, "Pasha, mimi siku ile nilikuona mgongo tu."

Mwenyekiti aliomba lugha ya staha. Bi. Lapina alijibu kwamba hiyo ndiyo ya staha. Isiyo ya staha pia anayo.

KUMB. NA. 3/9/98: UTHIBITISHO
Ili kuonyesha alivyomfungua mwanaanga mikanda, Ndugu Tyurin alivua koti, akaingia mlangoni kichwa kwanza. Alinasa kiunoni. Wajumbe walimvuta miguu kwa dakika ishirini. Kilichotoka ni kiatu.

Mwenyekiti alipendekeza waitwe zimamoto waje kuukata mlango. Sauti ilisikika kutoka ndani: "Msikate! Nimekitungia uongo miaka yote hii, leo nikiharibu tena? Lidia, andika. Nilikimbia. Nilidhani ni bomu. Nilijibanza nyuma ya trekta mpaka nikasikia watu wanacheka. Mke wangu amekufa anajua aliolewa na shujaa."

Katibu aliandika kama alivyoombwa.

Bi. Lapina alichuchumaa karibu na miguu ya Ndugu Tyurin, akasema, "Na mimi ningekimbia, Pasha. Buti lilinasa kwenye tope. Wala mlango sikuufungua. Aliufungua mwenyewe, akatoa kichwa, akaniuliza, 'Mama, maziwa yapo?' Mama! Nilikuwa na miaka ishirini na sita!"

Ndugu Tyurin alicheka hadi pumzi zikamwishia, tumbo likanywea, akavutwa nje. Chombo kilikaguliwa, hakikuwa na mchubuko. Ndugu Tyurin alikuwa nayo mitatu.

AZIMIO: Kibao kiandikwe: "Mlango aliufungua mwanaanga mwenyewe. Maziwa alipewa na F. S. Lapina."

Bi. Lapina alitoa hoja yaongezwe maneno: "P. K. Tyurin alikuwepo." Ndugu Tyurin alipinga. Alishindwa kwa kura tatu dhidi ya moja.

Wajumbe walitawanyika saa 6:35 mchana.

R. O. Gurina, Mwenyekiti (sahihi)
L. M. Shestova, Katibu (sahihi)