Lois Alivyosimama Mbele ya Mjomba Wake

S.L.P. 41,
Newala.
16 Agosti 1994

Mpendwa Dada Dominika,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ndola, wewe na shemeji, pamoja na wanao Esther na Selestini. Je, kifua cha shemeji kimepata nafuu tangu aache kazi ya mgodini? Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, asubuhi ukungu unafunika hata paa la kanisa, lakini mikorosho imeanza kutoa maua na tunashukuru.

Picha uliyotuma niliipata. Esther amefanana na marehemu mama, hata anavyoshika kiuno. Nimeibandika ukutani karibu na kitanda.

Najua umenuna kwa kuwa sijaandika tangu Mei. Sikujua nianzeje. Yametukuta mambo nyumbani, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wapita njia.

Unalikumbuka bonde letu la maji? Pampu ya mradi imekufa mwaka wa pili sasa, bomba la kijiji limekauka, na wanawake tumerudi kuteremka genge kama zamani. Siku ya kwanza niliposhuka tena na ndoo kichwani nilikuona wewe mbele yangu, na gauni lako la maua, unaniambia nisitazame chini. Wakati ule nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka ule Kaka Nikolao na vijana wenzake walichimba vile vipandio vya kuteremkia, baada ya mke wa mwalimu kuanguka na mtungi na kuvunjika mguu. Hakuna aliyewatuma. Wiki tatu walichimba, wewe ukiwapikia mihogo na mbaazi, Kaka akiongoza nyimbo kwa sauti ile yake nzito. Wazee waliwacheka siku za mwanzo, halafu wakashika majembe nao. Mpaka leo watu wanapita palepale.

Sasa Kaka ndiye mwenyekiti wa kijiji, kama unavyojua. Tangu biashara ya korosho iachwe wazi kwa watu binafsi, wanunuzi wanakuja wengi, na mmoja wao, Dickson wa Masasi, aliliomba bonde alime miwa na mboga. Aliahidi kutuletea mashine ya kusaga. Kaka akakubali peke yake na wajumbe wachache. Nadhani aliwaza mikono yetu inavyochubuka kwa kutwanga, simtetei. Mwezi wa tano seng'enge ikazungushwa mpaka kwenye chemchemi. Tukawa tunateka kwa zamu, siku mbili kwa wiki, akipenda mlinzi wa Dickson. Mashine hatukuiona.

Ndipo Lois wangu alipoingia. Ulimwacha ananyonya, leo ni binti wa miaka kumi na minane na ananizidi urefu. Alikuwa akikaa jioni dukani kwa Mzee Fakihi na vijana wenzake, wakisikiliza redio. Mwezi wa nne walisikia habari za Afrika Kusini, watu wamepanga mistari kupiga kura, na vijana wenzao waliosimama miaka yote mpaka siku ile ikafika. Wakasikia na za vijana wa nchi nyingine, hata za Ulaya, wanaotetea misitu na mito yao. Nilidhani ni maneno ya dukani tu. Kumbe walikuwa wakijiuliza wao wana nini cha kutetea.

Lois na Mudathiri, mtoto wa Mzee Fakihi, wakapita nyumba kwa nyumba na daftari la shule kudai bonde lirudishwe, Waislamu na Wakristo, watu wakiandika majina au wakiweka dole gumba. Dada, nilimkataza. Nilimwambia yule ni mjomba wako, ndiye atakayesimama siku ya posa yako, utamwangalia kwa macho gani? Kesho yake asubuhi alikwenda Newala kwa miguu na mwenzake. Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya alilisoma daftari lote, akawaambia ardhi ya kijiji haitolewi bila mkutano mkuu, akaahidi kuja mwenyewe. Na kweli alikuja.

Mkutano ulifanyika mwezi uliopita kwenye kiwanja cha shule. Sijawahi kuona watu wengi vile tangu Uhuru. Kaka alieleza habari ya mashine, akaeleza vizuri, na wengine walianza kutikisa vichwa kukubali. Lois akanyoosha mkono. Akaja mbele, akapiga goti mbele ya mjomba wake, akamwamkia, kisha akasimama.

"Salamu nimempa mjomba," alisema. "Sasa naomba kusema na mwenyekiti. Vipandio vya kule bondeni ulivichimba wewe. Ulimchimbia nani?"

Kaka akakaa. Mikono ilipohesabiwa, ya wanaotaka seng'enge ibaki haikufika ishirini. Vijana waliing'oa siku ileile, wakaikunja vizuri na kumrudishia Dickson mali yake. Kaka aliandika barua ya kuacha uenyekiti kabla ya Jumapili.

Kijiji kilifurahi, mimi nililia. Kaka hakukanyaga kwangu wiki tatu. Tulipokutana kanisani alipita kama hanijui. Lois naye alikonda. Maji yapo tele bondeni, na chakula nyumbani hakishuki.

Jumamosi iliyopita, jua likiwa bado juu, Kaka akaja. Akaketi barazani bila kubisha hodi. Lois akamletea maji, akapiga goti, akasema shikamoo mjomba. Kaka akapokea kikombe asiitikie. Mtoto akabaki chini vilevile.

"Mlipoandika majina," Kaka alisema, "mbona hamkuja kwangu kwanza? Ningewakatalia, lakini mngekuja."

"Tulikuja mara mbili, mjomba. Ulitwambia tusubiri mahindi yavunwe."

Nilikuwa mlangoni na ungo mkononi, sithubutu hata kupepeta. Kaka akanywa maji yote, akaweka kikombe chini.

"Marahaba," akamwambia.

Hayo ndiyo yaliyotukuta. Dada, nakuomba umwandikie Kaka. Usimlaumu wala usimsifu, mwandikie tu habari za nyumbani kwako, umwulize za shamba lake. Wewe ulimpikia zamani, atakusikiliza. Mimi nikimtazama siku hizi namwona kijana yule, na moyo unaniuma kwamba hakuna anayemwimbisha tena.

Wanakusalimu Baba Lois, Mama Mkubwa Theodora, Mzee Fakihi na mkewe Bimdogo. Winfrida wa Lulindi amejifungua mtoto wa kike, amempa jina lako. Mungu awafunike huko ugenini, awape afya na riziki, atukutanishe tungali hai.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu utotoni,

Bibiana (Mama Lois)

Lois anakuamkia. Kaka amempeleka bondeni tangu asubuhi na majembe mawili, anasema vipandio vya juu vimelika.