Wananiita Bahati

Alhamisi. Jua limeshazama lakini joto bado limekaa ndani ya mabati. Mchana kutwa wingu limezunguka upande wa Uganda na halijatoa hata tone.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, kwa sababu nikingoja itulie nitaandika uongo mzuri.

Kwa wasionijua, naitwa Amoit. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Malaba, karibu na barabara ya malori. Wateja wangu wengi ni mawakala wanaoshughulikia karatasi za mizigo mpakani. Lakini mjini hapa hakuna anayeniita Amoit tena. Tangu mwaka jana jina langu ni Bahati.

Nilipewa jina hilo siku aliyokufa Nafula.

Nafula alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na kibanda cha chapati na mayai pale kwenye mteremko, mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nilikaa kwenye benchi lake nikanywa chai, naye akikanda unga na kunisema kwa jinsi ninavyochagua wanaume. Asubuhi hiyo alikuwa na unga hadi viwikoni. Akaniambia, "Amoit, hebu nichukulie vitunguu hapo kwa jirani." Nikainuka. Sikuwa nimefika kwenye meza ya vitunguu niliposikia watu wakipiga mayowe nyuma yangu. Trela lilikuwa limeshindwa kusimama. Dereva alikwepa lori lililokuwa mbele yake, akaingia kibandani.

Nilichokiona nilipogeuka sikiandiki. Nimejaribu mara nyingi, nikafuta.

Basi watu wakasema nina bahati. Mwanzoni walinong'ona matangani, halafu wakasema waziwazi. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Mama wa mitumba akaanza kuniomba niwe wa kwanza kugusa nguo zake asubuhi, eti mkono wangu unafungua biashara. Vijana wanaobeti wanakuja dukani na simu zao: "Bahati, tuchagulie timu." Nikiwachagulia wakapoteza, wanasema sikuchagua kwa moyo.

Kuna siku nilicheka nao. Siku nyingine niliwafukuza na ufagio.

Wiki iliyopita alikuja dukani dada mmoja anaitwa Linet, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuja kuchapa karatasi, tukaanza kuongea. Aliniambia wanachunguza furaha na bahati katika saikolojia ya watu wa kawaida: kwa nini mtu mmoja hujiona mwenye bahati na mwingine hujiona ana mkosi, na kama kujiona hivyo kunaongeza au kupunguza furaha. Mtu wa pili kwenye foleni akadakia, "Basi umefika. Huyu ndiye Bahati mwenyewe." Linet akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akanialika kwenye kikao Amagoro.

Nilikubali, na sikukubali kwa ajili ya adabu tu. Nilitaka kujua. Kwa mwaka mzima nimelala na swali moja, na nilifikiri labda mtu aliyesoma mambo ya nafsi ya binadamu anaweza kuniambia mimi ni nini.

Kikao kilikuwa leo asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa. Wakulima, wafanyabiashara, mzee mmoja aliyeponea kuumwa na nyoka, mwanamke aliyepata watoto baada ya kuambiwa hatapata. Nilikuwa nimeshakaa nilipomwona Mama Nafula kwenye kiti cha nyuma, leso imefungwa vizuri kichwani. Alikuwa ametoka Bukhayo asubuhi na mapema. Hakuna aliyeniambia kwamba naye amealikwa.

Tangu mazishi sikuwa nimeongea naye zaidi ya salamu. Nikikutana naye sokoni nahisi ananitazama kama kiti ambacho mwanawe alipaswa kukikalia. Hajawahi kusema hivyo. Ni mimi ninayehisi.

Linet aliongea vizuri, sitamnyima haki hiyo. Alieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba watu wanaojiona wana bahati mara nyingi huwa na furaha zaidi, hujaribu mambo, huongea na wageni, hawakati tamaa haraka. Akasema bahati siyo tukio lenyewe, ni jinsi unavyolitazama, na kwamba mtu anaweza kujifunza kulitazama vingine. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, nimeuona kwa maisha yangu mwenyewe.

Halafu akatuomba tusimame. Wanaojiona wana bahati waende upande wa dirishani, wanaojiona wana mkosi waende upande wa mlango.

Kabla sijanyanyua mguu mtu akasema, "Bahati, wewe hata huulizwi." Watu wakacheka. Nikasukumwasukumwa kwa mapenzi hadi dirishani. Nilipogeuka, katikati ya ukumbi alikuwa amebaki Mama Nafula peke yake, amesimama na mkoba wake mkononi.

"Mama, na wewe je?" Linet akamuuliza.

"Mimi sijui," alisema. "Nyinyi mmesoma. Niambie nikae wapi."

Linet alishajua habari yake. Akamshika kiwiko, kwa upole kabisa, kama unavyomshika mgonjwa, akaanza kumwongoza kuelekea mlangoni.

Ni ule upole ulionimaliza.

Nilisema, "Mwache hapo." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Linet akasimama. Nikamwambia huyo mama hana mkosi. Mkosi ni radi, mkosi ni kuumwa na nyoka shambani. Lile trela halikuwa na breki, na mteremko mzima ulijua. Kila foleni iliposimama, tanboi wake, yule msaidizi wa dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa anaruka chini na jiwe na kuliweka mbele ya tairi. Foleni ikisonga analiokota, anapanda nalo. Tulimtazama tukinywa chai. Nafula mwenyewe alimtania, akamwambia boss wako akununulie breki badala ya mawe. Yule mzee alijibu kwamba amemwambia mwenye gari mara nyingi, na mwenye gari anasema safari haingoji.

Nikasema, mtu aliamua. Alikaa mahali, akaambiwa gari halisimami, akaamua liende hivyo hivyo. Halafu sisi tukaja tukaita uamuzi wake bahati mbaya ya Nafula na bahati nzuri ya Amoit, na yeye akabaki hana jina lolote.

Mzee wa nyoka alikaa chini.

Ndipo Mama Nafula akasema, polepole, akiniangalia mimi tu: "Kwa hivyo wewe uliona hilo jiwe."

Nikatoka nje. Akanifuata hadi kwenye ukuta ambako kuna kivuli, akakaa kando yangu bila kuniangalia.

Alinieleza kwamba amekuwa akienda kituo cha polisi tangu amzike mtoto wake. Kila mara wanamwambia ilikuwa ajali, mama, bahati mbaya, nenda nyumbani uombe. Siku moja afande mmoja alimwambia kwamba kama kweli gari lilikuwa bovu, alete mtu aliyeliona likiwa bovu. Akazunguka mteremko mzima akiuliza. Kila mtu, eti, siku ile alikuwa anaangalia simu yake. Kila mtu alikuwa ametoka kidogo.

"Kwa nini hukuja kwangu?" nikamuuliza.

Alinyoosha gauni magotini. "Niliogopa utakataa," alisema. "Wengine wakikataa naenda zangu. Wewe ukikataa, ningekuchukia. Na Nafula alikupenda. Sikutaka kukuchukia."

Nililia, na nilikuwa nimekasirika hata nikilia, kwa sababu mwaka mzima tumekuwa wanawake wawili tunaokwepana sokoni, kila mmoja akimwogopa mwenzake, ilhali mwenye gari analala. Trela lenyewe lilinyooshwa, likapakwa rangi, likarudi kwenye foleni. Nimeliona kwa macho yangu.

Linet alitoka akaja tuliko. Alisema samahani. Nilimjibu vibaya, nikamwambia aende akawapange waliobaki. Hakuondoka. Aliuliza kituo kiko wapi, na kama tunataka gari la mradi litupeleke. Tulipanda. Njia nzima sikumsemesha. Sasa nimekaa hapa naona nilimwonea kidogo. Yeye hakuachilia lori lolote bovu kwenye mteremko. Siku hizi hasira yangu haichagui vizuri.

Kituoni tulikalishwa kwenye benchi muda mrefu. Aliyetuhudumia mwishowe alikuwa kijana mwenye haraka. Aliponiona akatabasamu. "Si wewe ndiye Bahati?"

"Naitwa Amoit," nikasema. "Nimekuja kuandikisha taarifa."

Nilieleza. Aliandika mistari michache, akaweka kalamu chini, akamgeukia Mama Nafula kwa sauti ya kubembeleza. "Lakini mama, hii tuseme tu ukweli, ilikuwa bahati mbaya."

Mama Nafula hakupandisha sauti. "Afande, andika jiwe," alisema.

Kijana akamtazama. Akachukua kalamu, akaandika jiwe. Akaandika tanboi. Akaandika maneno ya mwenye gari kama nilivyoyasikia yakisemwa. Alinisomea yote, nikasaini kwa jina langu. Alisema taarifa itapelekwa kwa mkubwa wake, ambaye hakuwepo, na hawezi kuahidi chochote. Tuje tena kesho. Nimeishi mpakani vya kutosha kujua maana ya njoo kesho.

Habari imefika mjini kabla yangu. Niliporudi dukani nilikuta wakala mmoja, mteja wa miaka, amechukua karatasi zake zote zilizokuwa zikingoja kuchapwa. Jioni hii nimepata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: Bahati, usiharibu bahati yako.

Nimeusoma hadi nikaushika kwa kichwa. Naogopa, sitadanganya. Duka hili linakula kwa malori. Mwenye nyumba wangu hunywa na watu wa malori. Na mimi ni mwanamke ninayefunga mlango huu peke yangu.

Lakini nauliza, je, ni bahati gani hiyo inayoharibika mtu akisema alichokiona? Mwaka mzima nimeambiwa nishukuru. Na nashukuru, nashukuru kila asubuhi nikifungua macho. Sikujua kwamba shukrani yangu ilikuwa inahesabiwa kuwa kimya.

Jambo moja sijalielewa bado. Leo nimetukana mtu mpole, nimepoteza mteja, nimetishwa kwa simu. Na nilipokuwa namsindikiza Mama Nafula kupanda gari la Busia la kumrudisha Bukhayo, nilihisi kitu kifuani ambacho sijakihisi tangu mwaka jana. Si furaha, sina ujasiri wa kuita hivyo. Ni kama pale unapoweza kupumua hadi chini.

Alishika mkono wangu kupitia dirishani. Nilifikiri ataniombea, kama wanavyofanya wote.

"Kesho watatupa chai," alisema. "Watatuita mama, watatuita dada, watatuambia pole. Usipoe."

Gari likaondoka.

Tutakutana kituoni asubuhi, mimi nikitoka huku na yeye akitoka Bukhayo. Sijapoa.