Udi wa Sikukuu

Mjukuu wangu Salma, marahaba. Sote wazima hapa Mbweni, na dada yako kaposwa.

Unauliza kwa nini hospitalini kwenu Maskati wagonjwa wa pumu, wakubwa kwa watoto, huongezeka baada ya Idi. Nilipokuwa muuguzi kijana hapa mjini tuliyaona hayo hayo. Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake akihema kwa shida, nguo zikinukia udi.

"Bibi, umemfukiza?"

"Tena sana! Alipobanwa nikamwekea chetezo chini ya kitanda."

Yale yalikuwa mapenzi, sikuweza kuyakemea. Nikamweleza kuwa moshi wa udi ndio unaombana mtoto kifua, nikamwomba afukize nguo za wakubwa tu, mtoto akiwa nje.

"Asinukie Idi nzima? Watu watasema nini?"

"Watasema anacheza."

Idi iliyofuata alituletea vileja. Mjukuu wake alipuliza firimbi wodini mpaka wagonjwa wakalalamika. Hatukumnyang'anya.

Bibi yako