Shangazi Alivyomtambulisha Fundi

We! Kaa chini kwanza. Shangazi kaniua leo.

Si unalijua lile darasa lake la Kiingereza la jioni? Leo kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu, amtambulishe kwa mwalimu. Mimi nilimsindikiza tu. Yeye kaja na fundi cherehani, yule jirani yake aliyefiwa na mkewe.

Kasimama, kakohoa kidogo: "Teacher, this is my husband."

MUME! Shangazi huyuhuyu, mjane wa miaka nenda rudi!

Fundi hata hakushtuka. Kampa mwalimu mkono: "Nice to meet you." Nice to meet you, jamani!

Mwalimu kauliza wameoana lini. Fundi kamtazama shangazi, kajibu: "Soon." Eti hivi karibuni!

Nikadakia: "Samahani mwalimu, kakosea, alitaka kusema jirani!" Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njiani nikamwambia taratibu, "Shangazi, jirani ni neighbour."

Kanitazama kama vile mimi ni mtoto aliyemwaga maziwa.

"Mwanangu, hilo nalijua tangu wiki ya kwanza. Nani alikutuma unisahihishe?"